Mnazi Hautupi Kitu: Biashara ya Riwaya za Kifantasia na Miongozo Yake

Shule zinapofunguliwa mwezi Januari, muuza vitabu wa Nairobi hupanga riwaya teule mbele na mwongozo wake pembeni. Mzazi amekuja na fedha za riwaya peke yake. Mtoto anamvuta mkono wachukue na mwongozo, maana humo wahusika, dhamira na mbinu za uandishi zimeshachambuliwa. Biashara hiyo tunaijua: kitabu kimoja kinazaa kingine, na mtihani ndio mkunga. Riwaya ikiondolewa kwenye mtaala, mwongozo nao unabaki rafuni ukishika vumbi.

Uingereza na Marekani ipo miongozo isiyotegemea mtihani wowote. Inafuatana na riwaya za kifantasia zenye upana wa utendi: hadithi za nchi zisizokuwapo duniani, zenye wafalme, lugha, majoka na vita vya vizazi vingi, zinazojaza mabuku matatu, matano, hata kumi na manne. Anayenunua mwongozo wa aina hii amekwisha kuisoma hadithi yote na hataki kuiaga. Anataka atlasi ya nchi ile, nasaba za watawala wake, na maelezo ya kila jina lililotajwa mara moja likapita. Hamu hiyo imejenga biashara kubwa, na njia iliyopita fedha zake ina mafunzo kwa yeyote anayeandika au kuchapisha vitabu.

Pauni elfu moja za kupotea

Septemba 1937, kampuni ya George Allen & Unwin ya London ilitoa The Hobbit ya J.R.R. Tolkien, profesa wa Oxford aliyezaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini. Nakala 1,500 za kwanza zilikwisha kabla ya mwaka kuisha, na mchapishaji akaomba hadithi nyingine. Ilitoka baada ya miaka 17. The Lord of the Rings ilikuwa ndefu mno na karatasi ilikuwa ghali baada ya Vita Vikuu vya Pili, kwa hiyo ikakatwa mabuku matatu, kila moja kwa shilingi 21 za Uingereza. Rayner Unwin, mtoto wa mwenye kampuni, alikadiria kwamba wangeweza kupoteza pauni 1,000. Baba yake, Stanley, alimruhusu azipoteze ikiwa anaamini kweli kwamba kazi ile ni ya kipaji cha pekee.

Ili kupunguza hatari, mkataba ulisema mwandishi hapati kitu mpaka gharama zirudi, kisha faida igawanywe nusu kwa nusu. Kitabu kingedorora, mchapishaji angepona. Kilipouzika, mwandishi ndiye aliyecheka, kwa sababu nusu ya faida ilizidi kwa mbali mrabaha wa kawaida. Malipo yake ya kwanza, mwanzoni mwa 1956, yalikuwa zaidi ya pauni 3,500, yakaupita mshahara wake wa mwaka mzima chuoni.

Buku la tatu lilichelewa hadi Oktoba 1955, huku wasomaji wakiwa wameachwa kwenye kilele cha hadithi. Sehemu kubwa ya ucheleweshaji ilitokana na viambatisho: nasaba, kalenda, orodha ya matukio ya maelfu ya miaka, maelezo ya lugha na hati zake. Mhasibu wa wakati ule angeziona kurasa hizo kuwa mzigo. Kumbe ndizo zilizokuwa mbegu.

Faharasa iliyokuja na ugomvi

Mwaka 1965 kampuni ya Ace Books ya Marekani ilichapa riwaya hiyo kwa jalada laini, senti 75 kila buku, bila idhini, ikidai kwamba hakimiliki yake haikulindwa nchini humo. Tolkien akalazimika kuirekebisha kazi yake haraka ili toleo jipya lipate ulinzi. Akaongeza dibaji mpya na faharasa ambayo wasomaji walikuwa wakiidai tangu 1955. Toleo halali la Ballantine lilitoka kwa senti 95. Katika barua alizowajibu wasomaji wake wa Marekani, Tolkien aliwaeleza kuhusu toleo lile lisilo na idhini. Habari zikaenea, na watu wakanunua la senti 95. Mwishowe Ace ilikubali kumlipa, na haikulichapa tena.

Mambo mawili yalidhihirika mwaka ule. La kwanza, msomaji anayeipenda hadithi yuko tayari kuongeza fedha ili mwenye haki alipwe. La pili, nyenzo za kumsaidia msomaji, hata faharasa tu, zina thamani ya kisheria na ya kibiashara.

Wengine wakaona pengo. Mwaka 1971 Robert Foster alitoa A Guide to Middle-earth, mwongozo wa majina ya ulimwengu huo wa Tolkien kwa mpangilio wa alfabeti, kupitia mchapishaji mdogo. Miaka saba baadaye ulitoka tena ukiwa umepanuliwa. Mwaka 1981 ikaja kazi ambayo hadi leo wachapishaji huitazama kama kipimo: The Atlas of Middle-earth ya Karen Wynn Fonstad, mchoraji ramani kitaaluma aliyeishi Wisconsin, Marekani.

Ifungue atlasi hiyo kwenye kurasa za safari. Rangi ni mbili tu, nyeusi na hudhurungi. Mstari unatoka kijijini kwa Frodo, shujaa wa riwaya, unaambaa na msitu, unavuka mto, na kila msafiri alipolala pana alama na tarehe. Umbali kati ya kambi na kambi umehesabiwa kwa maili. Fonstad alifanya kazi ambayo mpimaji wa ardhi hufanya porini, ila yeye alipima sentensi: hapa wametembea siku mbili, hapa mlima umeonekana kushoto, basi mto lazima uwe pale. Kurasa nyingine zina ramani za vita, hali ya hewa, uoto na lugha. Baada ya hapo aliitwa kuchora ulimwengu wa waandishi wengine, akatoa atlasi nne zaidi kati ya 1984 na 1990. Huo ndio wakati mwongozo ulipokuwa kazi ya ufundi yenye fundi wake.

Makumbi yaliyofukiwa

Mkulima wa pwani anajua kwamba mnazi hautupi kitu. Nazi inaliwa, kuti linaezeka, na makumbi yanafukiwa kwenye mchanga wa maji miezi kadhaa, kisha yanapondwa yawe kamba. Nyaraka za mwandishi wa ulimwengu wa kubuni ni makumbi yake.

Mwaka 1957 Chuo Kikuu cha Marquette, mjini Milwaukee, kilinunua miswada ya The Hobbit na The Lord of the Rings kwa pauni 1,500. Tolkien alipofariki mwaka 1973 aliacha marundo ya karatasi za hadithi za kale za ulimwengu wake, alizoanza kuziandika enzi za Vita Vikuu vya Kwanza na hakuwahi kuzikamilisha. Mwanawe Christopher aliacha ualimu wa Oxford akazishughulikia. The Silmarillion ilitoka 1977 na kupanda hadi nafasi ya kwanza kwenye orodha ya vitabu vinavyouzwa zaidi ya New York Times. Ni kitabu kigumu, kinachosomeka kama tarikhi ya kale, na hakuna mchapishaji ambaye angekigusa kama kingeletwa na mtu asiyejulikana. Kilinunuliwa kwa sababu ulimwengu ule ulikuwa umeshapata wakazi. Kati ya 1983 na 1996 Christopher aliongeza The History of Middle-earth, mabuku 12 ya rasimu na maelezo. Aliendelea na kazi hiyo hadi uzee wake, na The Fall of Gondolin ikatoka mwaka 2018, chini ya miaka miwili kabla ya kifo chake.

Kila karatasi mpya ilipotoka, miongozo ya zamani ilipitwa na wakati na kuhitaji toleo jipya. Foster alipanua wake baada ya The Silmarillion. Fonstad alirekebisha atlasi yake mwaka 1991. Mzunguko huo ndio siri ya biashara hii: kazi ya awali inauza mwongozo, na mwongozo unamrudisha msomaji kwenye kazi ya awali.

Mwaka 2022 kampuni ya Amazon ilianza kuonyesha tamthilia ya The Rings of Power, baada ya kununua haki kwa bei iliyoripotiwa kuwa dola milioni 250. Haki hizo hazikujumuisha The Silmarillion. Kwa sehemu kubwa, tamthilia hiyo imejengwa juu ya vile viambatisho vilivyomchelewesha mchapishaji mwaka 1955.

Nani mwenye shamba?

Swali hilo lilifika mahakama ya shirikisho ya New York mwaka 2008. Steve Vander Ark, mkutubi na shabiki wa Harry Potter, alikuwa ameandaa kamusi ya ulimwengu huo, na kampuni ndogo ya RDR Books ikataka kuichapa. J.K. Rowling, mwandishi wa riwaya hizo, na kampuni ya filamu ya Warner Bros. walishtaki. Jaji aliamua kwamba kamusi ilinakili maneno ya mwandishi kupita kiasi, hasa kutoka vitabu viwili vidogo ambavyo Rowling mwenyewe alivitoa mwaka 2001 kama miongozo ya ulimwengu wake, mapato yake yakienda kwa shirika la hisani. Fidia ilikuwa dola 6,750. Hata hivyo jaji alisema wazi kwamba mwandishi hana mamlaka ya kuzuia kila kitabu cha marejeo kinachohusu kazi yake. Kamusi ilirekebishwa, ikatoka mwaka 2009.

Mpaka ukawekwa hapo. Ukieleza, ukichambua na kupanga kwa maneno yako, una nafasi. Ukibeba maneno ya mwenyewe na kuyapanga kwa alfabeti, umeingia shambani kwake.

Tangu hapo wachapishaji wengi wamechagua njia ya amani: kumwita shabiki ndani. Kitabu The World of Ice & Fire cha 2014 kiliandikwa na mwandishi wa riwaya za kifantasia George R.R. Martin pamoja na Elio M. García Jr. na Linda Antonsson, wasomaji wawili waishio Sweden waliokuwa wakitunza kumbukumbu za riwaya zake kwa miaka mingi. Martin alitakiwa kuchangia vipande vifupi, akaandika mno, na sehemu kubwa ya ziada hiyo ikaja kuwa Fire & Blood ya 2018. Kutoka humo ikatengenezwa tamthilia ya House of the Dragon, iliyoanza 2022. Maelezo ya pembeni ya mwongozo yalizaa kitabu, na kitabu kikazaa tamthilia, ilhali buku la sita la riwaya yenyewe wasomaji wanalingoja tangu 2011.

Mfano wa mwandishi Robert Jordan ni wa heshima zaidi. Alianza The Wheel of Time mwaka 1990 na kufariki 2007 bila kuimaliza. Mkewe, Harriet McDougal, ambaye pia alikuwa mhariri wake, alimkabidhi mwandishi mwingine, Brandon Sanderson, madaftari ya marehemu. Kutoka humo yalitoka mabuku matatu ya mwisho, la kumi na nne likifunga kazi Januari 2013. McDougal na wasaidizi wawili wa mumewe wakaziendea tena nyaraka zile na kutoa The Wheel of Time Companion mwaka 2015. Daftari lililotunzwa vizuri lilimaliza hadithi ya marehemu, likamwandikia na mwongozo.

Msomaji anapolipa kabla

Sanderson naye amebadilisha kanuni za fedha. Machi 2022 aliwaomba wasomaji wake, kupitia jukwaa la kuchangisha fedha la Kickstarter, walipie mapema riwaya nne. Alilenga dola milioni moja. Baada ya siku 30 watu zaidi ya 185,000 walikuwa wamechanga dola milioni 41.7. Kampuni yake ya Dragonsteel, iliyoko Utah, inachapa na kuuza matoleo ya jalada la ngozi moja kwa moja kwa msomaji. Mwaka 2024 mchezo wa mezani uliojengwa juu ya ulimwengu wake, pamoja na vitabu vyake vya maelezo, ulichangiwa zaidi ya dola milioni 15.

Changamoto ipo. Kamusi za bure zinazoandikwa na mashabiki mtandaoni zimepunguza sababu ya kununua mwongozo wa majina. Ndiyo maana miongozo mipya imehamia kwenye vitu ambavyo kamusi ya bure haiwezi kutoa: picha kubwa za rangi, karatasi nzito, ramani za kutandaza mezani, na maandishi ya mwandishi mwenyewe yaliyokuwa hayajaonekana. Gharama za uchapaji hupanda, na bei hupanda nazo. Muda nao una mwisho wake. Kwa Uingereza, hakimiliki ya vitabu alivyotoa Tolkien mwenyewe itakwisha mwishoni mwa 2043.

Neno kwa wetu

Sisi hatukukosa ulimwengu. Mwaka 1951 Shaaban Robert alitupa Kusadikika, nchi iliyo angani, yenye wajumbe sita waliotumwa kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, mbinguni na ardhini. Safari sita, katika pande sita: ni atlasi inayongoja mchoraji. Fumo Liyongo, shujaa wa tendi zetu, ana miji, nasaba na vita vyake. Mwanafunzi tumemuuzia miongozo ya mtihani, na tumefanya vema. Mtu mzima aliyezipenda kazi hizo tunamsahau.

Mwandishi, usichome daftari lako baada ya riwaya kutoka. Andika tarehe, chora ramani hata kwa kalamu ya risasi, na kabla ya kutia sahihi soma kifungu kinachosema nani anamiliki vitabu vitakavyotokana na kitabu chako. Mchapishaji, mchukue mchoraji mmoja na riwaya moja inayopendwa, utoe mwongozo ambao mtu ataununua bila kuagizwa na mwalimu. Tolkien alipewa mkataba wa nusu kwa nusu na watu waliokuwa tayari kupoteza pauni 1,000. Anayesubiri hakika ya faida kabla ya kupanda atanunua nazi sokoni maisha yake yote.