Nakumatt Haikuangushwa na Wateja

Habari za Nakumatt zikizuka, mazungumzo huishia katika masikitiko: duka letu lenye nembo ya tembo, ambalo baadhi ya matawi yake hayakufunga milango usiku wala mchana, limekwenda. Masikitiko hayo ni ya haki. Kampuni iliyotokana na biashara ya magodoro mjini Nakuru ilikua hadi ikawa na matawi zaidi ya 60 katika Kenya, Uganda, Rwanda na Tanzania, na kwa miaka mingi hakukuwa na duka jingine la Afrika Mashariki lililovuka mipaka kwa ujasiri huo. Tatizo ni maelezo yanayofuata masikitiko. Wengine husema wageni walituua, wengine husema mwananchi wa kawaida hana fedha za kuendesha maduka ya aina ile. Yote mawili hayalingani na ushahidi. Nakumatt ilikuwa na wateja hadi mwisho. Kilichoiangusha ni kujijenga kwa fedha ambazo hazikuwa zake, fedha za watu waliojaza rafu zake, na majumba ya maduka nayo yakajengwa juu ya msingi huo huo.

Mvuto wa duka hilo haukuwa wa kubuni. Mtu aliingia kununua mkate akapita kwenye majokofu, makochi, baiskeli, vitabu vya shule na televisheni, vyote chini ya paa moja. Bei ilikuwa imebandikwa, hakuna kupatana, na keshia alitoa risiti. Aliyekuwa na shilingi elfu hamsini na aliyekuwa na shilingi hamsini walipita mlango mmoja, na yule wa pili aliweza kufungua mlango wa jokofu asiloweza kulinunua bila mtu kumuuliza anataka nini. Kwa miji ambayo bustani za umma zilikuwa zikimegwa na viwanja vya wazi vikizungushiwa mabati, hilo halikuwa jambo dogo. Jumamosi familia zilikwenda Westgate, Junction au Thika Road Mall jijini Nairobi, City Mall Nyali kule Mombasa, Oasis Mall jijini Kampala, na kote huko jina kubwa ukutani lilikuwa moja. Dar es Salaam liliingia Mlimani City mwaka 2014, baada ya Nakumatt kuchukua maduka ya Shoprite nchini Tanzania.

Haikuwa bahati kwamba jina hilo lilikuwa kila mahali. Mwenye jumba la maduka humhitaji mpangaji mmoja mkubwa kabla hajawapata wadogo. Mpangaji huyo huchukua nafasi kubwa zaidi, hulipa kodi nafuu kwa kila futi ya mraba, na kazi yake ya pili ni kuvuta watu. Duka la dawa, saluni, duka la simu na mkahawa hulipa kodi ya juu zaidi kwa sababu hutegemea umati unaokwenda na kurudi na toroli. Benki nazo hukopesha ujenzi kwa imani zaidi zikiona mkataba wa mpangaji mkubwa. Kwa hiyo kila jumba jipya liliialika Nakumatt, na Nakumatt haikupenda kumwachia mshindani nafasi. Ilifungua tawi baada ya tawi, na kila tawi lilidai rafu, majokofu, jenereta, wafanyakazi na mkataba wa pango wa miaka mingi.

Fedha za upanuzi huo zilitoka wapi? Sehemu zilitoka benki. Lakini chukua katoni moja ya maziwa. Mwenye kiwanda kidogo anaifikisha mlango wa nyuma alfajiri, karani anahesabu, anagonga muhuri kwenye hati ya kupokelea mzigo. Kufikia jioni maziwa yamenunuliwa kwa fedha taslimu na yamenywewa. Msambazaji atalipwa baada ya siku 60 au 90, wakati wafugaji waliomletea maziwa wanataka chao mwisho wa mwezi. Katika kipindi hicho chote fedha zimo mikononi mwa duka. Supamaketi nyingi duniani hufanya hivyo, na hakuna ubaya ikiwa fedha hizo zinasubiri siku ya kulipa. Ubaya huanza zinapogeuzwa kuwa zege na vioo vya tawi jipya. Hapo mauzo ya tawi jipya yanahitajika kulipia mzigo wa tawi la zamani, na siku upanuzi unapopunguza kasi, deni lote linaonekana mara moja. Wahenga waliona mbali: kukopa harusi, kulipa matanga.

Deni lilipoonekana, halikuonekana kwanza katika vitabu vya hesabu. Lilionekana kwenye rafu. Wasambazaji waliochoka kungoja waliacha kuleta mzigo, na kufikia mwaka 2017 mteja alikuta chupa za maji au karatasi za msalani zimetandazwa mstari wa mbele, nyuma yake pakiwa patupu. Aliyetaka unga na mafuta ya kupikia alilazimika kwenda kwingine. Mteja huyo hakulikimbia duka. Duka ndilo lililoishiwa bidhaa za kumuuzia.

Wapo watakaojibu kwamba ni supamaketi ya Carrefour iliyomaliza mambo. Lakini Carrefour, inayoendeshwa hapa na kampuni ya Majid Al Futtaim ya Dubai, ilifungua tawi lake la kwanza la Kenya mwaka 2016 pale The Hub, Karen. Duka moja pembezoni mwa Nairobi halingeweza kuzitoa bidhaa rafuni Mombasa, Kisumu na Kampala kwa muda mfupi hivyo. Carrefour ilipoingia Thika Road Mall mwaka 2017, ilichukua nafasi ambayo Nakumatt ilikuwa imeshindwa kuilipia kodi. Isitoshe, ugeni haukuwa kinga. Shoprite ya Afrika Kusini ilifungua Westgate mwishoni mwa 2018, mahali pale pale pa Nakumatt, na baada ya takriban miaka miwili ilikuwa inafunga virago Kenya. Choppies ya Botswana nayo iliondoka. Na Naivas, kampuni ya Kikenya iliyokulia katika Bonde la Ufa hilo hilo lenye Nakuru, ndiyo iliyonunua matawi sita ya mwisho ya Nakumatt, na mwaka 2023 ikafungua tawi lake la 100.

Hoja nzito zaidi ni ya misiba. Januari 2009 moto uliteketeza tawi la katikati ya Nairobi na kuua watu zaidi ya 20. Septemba 2013 magaidi waliivamia Westgate, wakawaua watu wasiopungua 67, baadhi yao ndani ya supamaketi yenyewe. Hakuna hesabu ya biashara inayopaswa kutajwa kabla ya roho hizo, na kumbukumbu ya Nakumatt isiyowataja ina kasoro. Hasara ya mali ilikuwa kubwa pia. Hata hivyo Westgate ilifunguliwa tena Julai 2015, Nakumatt ikarudi, na watu wakarudi kununua palepale palipomwagika damu. Uaminifu wa wateja haungeweza kupimwa kwa kipimo kikali zaidi ya hicho.

Na hoja ya siri? Ni kweli kwamba Nakumatt ilikuwa mali ya familia, haikuuza hisa Soko la Hisa la Nairobi, na msambazaji hakuwa na hesabu za wazi za kusoma kabla ya kukopesha mzigo wake. Uwazi ungesaidia, ila hautoshi peke yake. Uchumi, supamaketi iliyoanzishwa na mashirika ya serikali mwaka 1975, ilikuwa sokoni na hesabu zake zilichapishwa, lakini ilianguka mwaka 2006, ikafufuliwa, na mwaka 2015 ikafunga matawi yake Uganda na Tanzania ikiwa na madeni ya wasambazaji. Tuskys, supamaketi ya familia, ilikwama mwaka 2020 kwa njia ile ile. Wamiliki wa kampuni hizi tatu walikuwa tofauti, lakini ugonjwa ulikuwa mmoja.

Mahakama iliiweka Nakumatt chini ya msimamizi Januari 2018, na Januari 2020 wadai walipiga kura ifungwe. Naivas ililipa shilingi milioni 422 kwa yale matawi sita, wakati madeni yalizidi bilioni 30, yaani mauzo hayo hayakufika hata senti mbili kwa kila shilingi iliyodaiwa. Majumba yenyewe yalisimama. Sakafu za Oasis na Thika Road Mall zilipata mpangaji mwingine na toroli zikaendelea kupita. Maelfu ya wafanyakazi walipoteza ajira, na wasambazaji wadogo wasio na dhamana walibaki na hati zao zenye mihuri.

Mwaka 2019 Kenya iliirekebisha Sheria ya Ushindani ili kuwabana wanunuzi wakubwa wanaowaonea wasambazaji. Ni hatua njema, lakini Tuskys ilianguka baada yake, kwa sababu lalamiko humfikia mdhibiti wakati fedha zimeshakwisha. Wabunge wa Kenya na wenzao wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waende mbele zaidi: maziwa, mkate na mboga vilipwe ndani ya siku 30 kwa mujibu wa sheria, na supamaketi inayochelewa izuiwe kufungua tawi jipya hadi ilipe.