Kumfundisha Mtoto Kutulia kwa Njia ya Mchezo

Mama mpendwa, ni mara ngapi kwa siku unamwambia mwanao, "Tulia"? Akililia andazi la mwenzake, tulia. Akitupa kikombe kwa sababu kaka yake ametangulia kunawishwa, tulia. Akipiga kelele ibadani, tulia tena, na safari hii kwa kufinywa. Lakini ni wachache kati yetu waliowahi kumwonyesha mtoto jinsi mtu anavyotulia. Tunamwamuru afanye jambo ambalo hakufundishwa, kisha tunamchapa kwa kulishindwa.

Sisi tunaohudumu katika kliniki ya mama na mtoto hapa Same tunaliona jambo hili kila siku ya chanjo. Mtoto wa miaka minne amefuatana na mama aliyemleta mdogo wake. Mdogo analia, na yeye anaanza kulia kabla hajaguswa na mtu. Mama anamwambia, "Nyamaza, la sivyo nesi atakuchoma sindano wewe!" Akina mama, tunawasihi, mtuondolee kazi hiyo. Sindano ni kinga na dawa, si fimbo. Mtoto aliyetishiwa nesi tangu anajifunza kutembea, siku akiugua kweli hakubali hata kufungua kinywa tumtazame koo.

Katika makala hii tunapenda kuwashirikisha njia ambayo tumeitumia kliniki, na pia katika darasa la watoto wadogo kanisani, nayo ni michezo ya kuigiza. Haihitaji fedha wala vifaa vya dukani. Inahitaji dakika chache za mama, baba au bibi ambaye hataona aibu kulala chini mkekani pamoja na mtoto.

KWA NINI MCHEZO?

Mtoto wa miaka mitatu hadi sita akikasirika au akiogopa, moyo wake hupiga mbio, misuli hukaza na pumzi huwa fupi za juujuu. Sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayomwezesha mtu kujizuia na kufikiri kabla ya kutenda, bado ni changa sana kwake. Huendelea kukomaa hata baada ya umri wa miaka 20. Kwa hiyo mara nyingi yule tunayemwita mkaidi hajapata bado uwezo wa kujizuia.

Iko njia moja ya kuupunguzia moyo mbio, nayo ni kutoa pumzi polepole. Pumzi ikitoka taratibu, mshipa wa fahamu unaoshuka kutoka ubongoni hadi kifuani na tumboni huupa moyo habari kwamba hatari imepita. Jambo hili ni kweli kwa mtu mzima na kwa mtoto. Lakini ukimwambia mtoto wa miaka minne, "Vuta pumzi, hesabu hadi nne, toa pumzi," atakutazama tu. Yeye hana haja na hesabu. Mpe kitu cha kuwa, naye atakuwa.

Mwaka 1948, mtafiti wa Urusi aitwaye Manuilenko alichapisha matokeo ya jaribio rahisi kabisa. Aliwataka watoto wa umri wa chekechea wasimame bila kutikisika. Walipoamriwa tu, walichoka upesi. Walipoambiwa kwamba katika mchezo wao ni walinzi, walisimama kwa muda mrefu zaidi. Miguu ilikuwa ileile. Mama aliyewahi kumwona mwanawe akiwa "dereva wa basi" juu ya gogo kwa saa nzima, ilhali hawezi kukaa dakika tano mezani, ameshauona utafiti huo nyumbani kwake.

NDIVA TUMBONI

Sisi wa milima ya Upare tunayo picha nzuri ya utulivu kuliko ile ya vitabu, nayo ni ndiva. Wasomaji wa mbali wasioijua, ndiva ni bwawa dogo la asili ambalo wazee wetu walilichimba milimani ili kukusanya maji ya mfereji. Usiku linafungwa, maji yanajaa polepole. Asubuhi linafunguliwa, na kila shamba linapata maji kwa zamu yake. Likifunguliwa kwa pupa, maji yanakata mfereji na kubeba udongo.

Basi mlaze mtoto chali mkekani. Mwambie tumbo lake ni ndiva. Weka juu ya kitovu jani pana au kipande cha gunzi kiwe mtumbwi. "Sasa ni usiku, maji yanaingia." Anavuta pumzi puani na mtumbwi unapanda. "Kumekucha, fungua mlango kidogo kidogo, mahindi ya bibi yasibebwe na maji." Anatoa pumzi mdomoni, polepole, na mtumbwi unashuka. Mara tano au sita zinatosha. Asibane pumzi, wala asipumue kwa nguvu na haraka, maana atapata kizunguzungu. Mtoto mwenye pumu au mafua mazito asilazimishwe.

Usishangae wakiongeza mambo yao. Mmoja katika darasa letu alitangaza kwamba ndiva yake imeingia chura, na wote wakacheka hadi magunzi yakaanguka. Tuliwaacha. Kicheko nacho hulegeza mwili.

Kwa mtoto asiyependa kulala chini, upo mchezo wa kikombe. Viganja viwili vinaunganishwa kuwa kikombe cha chai ya tangawizi, ile ya Mamba Miamba inayowasha. Kwanza anainusa kwa pua muda mrefu. Kisha anaipuliza ipoe, taratibu, isimwagike. Huu ndio tunaoutumia zaidi kliniki wakati sindano inaingia. Mtoto anayepuliza hana nafasi ya kukaza bega, na msuli uliolegea huuma kidogo.

Yupo pia kobe, anayejulikana sana huku nyikani. Walimu wa Marekani wameutumia mchezo wa kobe tangu miaka ya 1970 kwa watoto wenye hasira za haraka. Mtoto akihisi hasira inapanda anaingia "gambani": anakunja mikono kifuani, anainamisha kichwa, anapumua mara tatu, ndipo anatoka na kusema kinachomuudhi. Mama naye anapaswa kumsikiliza anapotoka. Akitoka akakuta hakuna anayemjali, hataingia tena gambani. Atauma mtu.

Na jioni, makande yakiwa jikoni (na tunajua yanavyochelewa kuiva), cheza naye faru. Mwambie kwamba ng'ambo ya mji wetu, katika Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi, wanatunzwa faru weusi, ambao macho yao ni dhaifu lakini masikio yao ni makali. Faru mdogo afumbe macho, asimame kimya, atafute sauti tano. Lori linalopanda barabara kuu ya kwenda Moshi. Mbuzi wa jirani. Upepo kwenye bati. Chungu kinachotokota. Sauti ya tano ndiyo ngumu, na mara nyingi mtoto atakuambia ni pumzi yake mwenyewe. Hapo umemfundisha kukaa na akili yake mahali alipo, jambo ambalo hata sisi watu wazima tunahangaika nalo.

Baadhi ya akina mama wametuuliza kama kufumba macho na kusikiliza pumzi si ibada ya kigeni inayoingizwa kwa watoto. Ni swali la haki, kwa sababu zipo dini zinazotumia pumzi katika ibada zao. Lakini hapa hakuna anayeabudiwa wala neno la siri linalorudiwa. Ni mapafu, moyo na masikio ambayo mtoto alizaliwa nayo. Kanisani tunaigiza pia habari ya mashua na dhoruba katika Marko sura ya 4. Watoto wanakuwa mawimbi, wanavuma na kutikisa mikono, kisha mmoja anasimama na kuyatuliza, nao wanashuka polepole hadi sakafuni. Wanaomba turudie kila juma.

USISUBIRI MOTO UWAKE

Kosa linalotokea mara nyingi ni kuuleta mchezo kwa mara ya kwanza wakati mtoto amekwisha kujitupa chini anapiga mateke. Wakati huo hasikii. Ndiva haichimbwi siku ya mafuriko. Mfundishe akiwa ameshiba, amepumzika, ana furaha, kila siku kidogo kwa majuma kadhaa. Siku ya kishindo, mshike karibu au kaa chini kando yake, na upumue wewe kwanza, polepole, asikie. Usihubiri. Mtoto mdogo huazima utulivu wa mtu aliye karibu naye, na mama anayefoka "Tulia!" kwa sauti inayosikika hadi kwa jirani hana utulivu wa kumwazima.

Wala mchezo usiwe adhabu. Ukimwambia kwa ukali, "Nenda kawe kobe pembeni!" umeuua. Kobe atakuwa jina jingine la kufukuzwa.

WATOTO WANAPOCHEZA AJALI

Jumamosi tarehe 28 Juni 2025, basi na gari dogo la abiria yaligongana eneo la Sabasaba hapa Same, yakashika moto, na watu zaidi ya 35 wakapoteza maisha. Mji mzima uliomboleza. Watoto walisikia kila neno, maana watu wazima tulizungumza juu ya vichwa vyao kana kwamba hawana masikio. Picha nazo zilipita katika simu.

Majuma yaliyofuata, watoto walicheza ajali. Maboksi ya viberiti yaligonganishwa, watoto wakalala chini kuwa maiti, mmoja akawa moto. Akina mama wengi walishtuka. Wapo waliowachapa, wakisema ni uchuro na ni dharau kwa marehemu.

Tunawaelewa, lakini hatukubaliani nao. Mtoto mdogo hana maneno ya kusimulia hofu kubwa. Anaitoa mikononi, kwenye mavumbi, ambako yeye ndiye mkubwa na ajali ndiyo ndogo. Ukimchapa, hofu haitoki, bali anajifunza kuicheza nyuma ya choo. Njia iliyo bora ni kukaa karibu na kutazama. Kisha uliza, "Na sasa nani anakuja kusaidia?" Ingiza gari la wagonjwa, ingiza nesi, ingiza majirani wenye ndoo za maji, kama walivyo watu wa msaragambo. Acha yeye aamue. Baada ya mchezo, kikombe cha tangawizi au ndiva, ili mwili nao ushuke. Akiuliza kama gari letu litaungua pia, usimwahidi usichoweza kukitimiza. Mwambie ukweli mfupi: "Ajali hutokea, lakini mara nyingi magari yanafika salama. Mimi niko hapa nawe."

Angalia mchezo unavyokwenda. Ukibadilika siku hadi siku, msaada ukifika, majeruhi wakipona, mtoto anajiponya. Ukirudiwa vilevile kwa majuma, bila kicheko, na mtoto akimaliza amekunjamana zaidi kuliko alipoanza, mlete kituo cha afya. Vivyo hivyo mtoto aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani na sasa ameanza tena, anayeamka akipiga mayowe usiku mwingi, aliyeacha kula, aliyeacha kusema, au aliyeacha kucheza kabisa. Huyu wa mwisho, mtoto mkimya asiyecheza, husifiwa na wageni kwa adabu njema, na ndiye anayetutia wasiwasi kuliko wote.

Mwezi Desemba 2021 Serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, kwa watoto hadi miaka 8. Ndani yake malezi yenye mwitikio, yaani kumsoma mtoto na kumjibu, yamewekwa pamoja na afya, lishe, kujifunza, na ulinzi na usalama. Tunalitaja neno hilo la mwisho kwa sababu maalumu.

Mtoto anayelia kila anapoachwa na mtu fulani, anayekataa kwenda nyumba fulani, anayeumia mahali asipopenda kuguswa hata na mama yake, huyo asifundishwe ndiva wala kobe. Huyo aulizwe kwa upole na asikilizwe hadi mwisho, hata kama anayetajwa ni ndugu, mwalimu au mtu wa kanisani. Usimwogeshe wala usifue nguo zake kabla ya kumfikisha kituo cha afya siku hiyohiyo. Namba 116 ya simu ya msaada kwa watoto hupigwa bila malipo, na vituo vingi vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto.