PANYA MWEUPE SI MKOSI

Tuseme jioni moja mtoto wako anafika nyumbani Kawangware na katoni. Ndani mna panya mweupe pe, macho mekundu. Mama wa mlango wa pili anasema huo ni mkosi. Baba anasema leteni dawa ya panya. Je, wanakikundi, ninyi mngesema nini?

Huyu ni panya gani?

Ni wa jamii moja na yule panya mkubwa wa kahawia anayekaa mtaroni. Tofauti ni kwamba mwili wake hautengenezi rangi. Hali hiyo aliirithi kwa baba na kwa mama, wote wawili. Macho ni mekundu kwa sababu damu iliyo ndani ya jicho inaonekana. Hakuna rangi ya kuificha. Basi si ugonjwa, wala si uchawi. Mwaka 1906 taasisi ya Wistar, huko Philadelphia, Marekani, ilianza kuzalisha panya weupe kwa utafiti, na dawa nyingi tunazomeza leo zilijaribiwa kwanza kwa panya.

Hatari iko wapi?

Hatari ni yule wa nje. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulipima panya waliotegwa Kibera. Karibu mmoja kati ya watano alikuwa na vijidudu vya leptospirosisi. Watanzania waliuita ugonjwa huu homa ya mgunda ulipozuka Lindi mwaka 2022. Hupita katika mkojo wa panya, ukaingia mwilini kwa maji machafu na vidonda. Panya wa mtaroni akikojoa karibu na panya wako, wako ataambukizwa, halafu watoto wanamshika. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuwatenga hawa wawili.

Namna ya kumtunza

1. Kizimba. Fundi wa jua kali atakutengenezea. Matundu ya wavu yasizidi nusu inchi. Wavu wa kuku haufai. Kiinue, kisikae sakafuni.

2. Jua na joto. Mwanga mkali huharibu macho yake, na panya hatoi jasho kama sisi. Nyumba ya mabati mchana ni tanuri. Weka kizimba kivulini, penye hewa, na boksi la kujificha ndani.

3. Macho. Haoni vizuri. Ukimwona anayumbisha kichwa huku na huku, hana wazimu, anapima umbali. Mwite kabla ya kumshika, la sivyo atashtuka na kuuma.

4. Chakula. Ugali kidogo, sukuma wiki, maharagwe yaliyoiva, omena kidogo, na maji safi kila siku. Usimpe mahindi yenye ukungu ukidhani ni mnyama tu. Sumu ya ukungu huo iliua watu zaidi ya 100 Ukambani na jirani zake mwaka 2004, na panya pia humdhuru. Mpe kipande cha mti mgumu atafune, maana meno yake hayaachi kukua.

5. Usafi. Tandika gazeti lililochanwa, ubadilishe mara kwa mara. Harufu kali ya mkojo huumiza mapafu yake. Kila mtu anawe kwa sabuni baada ya kumshika. Akiuma mtu, osha kidonda kwa sabuni na maji mengi, kisha nenda zahanati.

6. Uzazi. Panya hapendi upweke. Fuga wawili wa jinsia moja. Ukichanganya dume na jike, mimba huchukua siku 22 hivi, na watoto hufika kumi au zaidi. Watenge wakifika wiki tano, kabla hawajaanza kuzaana.

Ukiona machozi mekundu machoni au puani, si damu. Ni dalili kwamba anaumwa au ana wasiwasi. Muulize daktari wa mifugo.

Ukimchoka, usimwachilie mtaroni. Paka atamwona mara moja, na akipona atazaana na wale wa kahawia. Mtafutie mfugaji mwingine. Panya huishi miaka miwili au mitatu tu. Huo si mzigo mkubwa kwa mtoto anayejifunza kutunza kiumbe.

Ya kuzungumza kikundini

- Katika ploti yetu, takataka na mitaro inawalisha panya wangapi wa nje?
- Dawa ya panya tunaiweka wapi, na watoto wanaifikia?
- Tukikubali mtoto afuge, nani atasafisha kizimba?