Je, Wajua Kilichong'aa Ndani ya Karabai?

Kabla umeme haujaenea mitaani, usiku wa harusi pale Malangali, Sumbawanga, kazi ya kuwasha karabai haikupewa mtoto. Alipewa mtu mzima mwenye mkono mtulivu. Alifunga utambi mpya kwa uzi wake, akamimina spiriti kidogo kwenye kikombe cha chini, akaiwasha, akangoja bomba lipate moto, ndipo akaanza kupiga pampu. Utambi ule, ambao muda mfupi nyuma ulikuwa kisoksi laini cha nyuzi, ulishika moto, ukasinyaa, ukawa mweusi, kisha ukavimba na kutoa mwanga mweupe ulioufikia ukuta wa nyumba ya jirani.

Watoto tulikatazwa kuugusa. Mimi niliugusa asubuhi yake, taa ikiwa imezimwa na imepoa. Kidole hakikuhisi chochote, lakini kisoksi kizima kiliporomoka kikawa unga mweupe. Sikujua kwamba unga ule, karibu wote, ni oksidi ya thoriamu, kitu kisichoyeyuka kwa moto wowote ambao babu zetu waliwahi kuuwasha.

Na babu zetu Wafipa waliujua moto. Katika uwanda huu wa Ufipa walijenga malungu, tanuri ndefu za udongo zilizopita kimo cha mtu, wakayeyusha mawe ya chuma kwa makaa na kwa hewa iliyojivuta yenyewe kupitia matundu ya chini, bila mivukuto. Chuma safi huyeyuka kwenye nyuzi joto 1,538. Oksidi ya thoriamu huvumilia mpaka zaidi ya 3,300, na hakuna oksidi nyingine inayoifikia. Ndiyo maana viwanda huitumia kutengeneza vyungu vya kuyeyushia metali ambazo zingetoboa vyungu vya kawaida.

Thoriamu yenyewe ilitambuliwa na mkemia wa Sweden, Jöns Jacob Berzelius, mwaka 1828, kutoka katika jiwe jeusi lililookotwa kisiwani nchini Norway. Aliipa jina la Thor, mungu wa radi katika imani za kale za watu wa kaskazini. Sisi wa Sumbawanga, ambao nchi nzima haiutaji mji wetu bila kukumbuka simulizi za radi, tuna haki ya kulisikia jina hilo kwa sikio letu wenyewe.

Kwa miaka zaidi ya 50 madini hayo hayakuwa na kazi kubwa. Kisha mwanasayansi wa Austria, Carl Auer von Welsbach, akapata wazo: chovya kitambaa kwenye maji yenye chumvi za madini, kikaushe, kichome. Nyuzi zinaungua zote, lakini madini yanabaki yameshika umbo la kitambaa. Mwaka 1885 alitumia madini mengine na mwanga wake ukawa wa kijani, watu hawakuupenda. Mwaka 1891 alipata mchanganyiko uliodumu: sehemu 99 za thoriamu na sehemu 1 ya seriamu. Hiyo sehemu moja ndiyo inayogeuza joto kuwa mwanga mweupe. Thoriamu, kwa upande wake, haipotezi joto lake ovyo, hivyo mwali mdogo wa mafuta ya taa unatosha kuifanya iwe na moto mkali sana. Ukiongeza seriamu mwanga unafifia, ukiiondoa mwanga unafifia vilevile.

Kilichovumbuliwa kwa ajili ya taa za gesi za Vienna kikafika Ziwa Tanganyika. Wavuvi wa Kasanga, Kipili na Kirando waliingia majini usiku wa giza na karabai zikining'inia kwenye mitumbwi, kwa sababu dagaa hufuata mwanga. Mbalamwezi ikitoka kazi inasimama, maana ziwa zima lina mwanga na samaki hawana sababu ya kukusanyika mahali pamoja. Aliyetazama kutoka ufukweni aliona msururu wa nukta nyeupe juu ya maji, kama mji uliojengwa ziwani kwa usiku mmoja. Dagaa walianikwa, wakafungwa kwenye magunia, wakapandishwa kwa malori hadi sokoni Sumbawanga. Kwa hiyo sahani ya ugali na dagaa iliyoliwa Malangali ilitegemea, kwa namna moja au nyingine, kisoksi cha thoriamu. Leo wavuvi wengi wamehamia taa za betri na za sola, na viwanda vingi vya utambi vimeacha thoriamu na kutumia itriamu, ambayo haina mionzi.

Mionzi ya thoriamu iligunduliwa mwaka 1898, na Gerhard Schmidt wa Ujerumani na Marie Curie wa Paris, kila mmoja kwa njia yake. Lakini tusiiogope kabla ya kuielewa. Thoriamu huoza polepole mno: ukiwa na kilo moja leo, itachukua miaka bilioni 14 kubaki nusu kilo, muda unaozidi umri wa ulimwengu. Mionzi yake mingi ni chembe nzito ambazo hata karatasi au ngozi ya mkono huzizuia. Balaa huanza pale unga unapoingia ndani ya mwili, kwa pumzi au kwa mdomo, maana humo ndani hakuna ngozi ya kuzuia, na unga huo hauyeyuki wala hautoki upesi.

Ushahidi wa jambo hili uliwagharimu wagonjwa. Kuanzia miaka ya 1930, hospitali za nchi nyingi zilidunga mishipani dawa iliyoitwa Thorotrast, ambayo ilikuwa oksidi ya thoriamu iliyochanganywa na majimaji, ili mishipa ionekane vizuri kwenye picha za eksirei. Picha zilikuwa safi kweli. Lakini oksidi ilituama kwenye ini na wengu, ikabaki humo maisha yote ya mgonjwa, na miaka mingi baadaye wengi wao walipata saratani ya ini. Naamini kila anayesifia dawa mpya kwa sababu ya matokeo ya wiki ya kwanza anapaswa kuijua habari hii.

Ziko kazi nyingine ambazo oksidi hii bado inazifanya. Ukichanganya asilimia 1 au 2 kwenye waya wa tungsteni, waya unatoa elektroni kwa wepesi zaidi, na ndiyo sababu utaikuta ndani ya taa kubwa za redio za kurushia matangazo na hata ndani ya oveni nyingi za maikrowevu. Zamani iliwekwa kwenye vioo vya lenzi za kamera bora, mpaka ilipoonekana kwamba mionzi yake hugeuza kioo kuwa cha manjano baada ya miaka. India, yenye mchanga wa monazaiti wenye thoriamu nyingi kwenye fukwe za Kerala, kwa miongo mingi imekuwa ikijiandaa kuifanya kuwa chanzo cha umeme wa nyuklia. Marekani ilikwisha kulijaribu hilo katika mtambo wa Shippingport kati ya 1977 na 1982. Katika kazi hiyo usafi wa unga ndio kila kitu: chembe kidogo tu za boroni au kadimiamu hufyonza nyutroni zinazotakiwa kuendesha mtambo. Hivyo mchanga huchemshwa kwa asidi kali, thoriamu hutenganishwa hatua kwa hatua, na mwishowe huchomwa hadi ubaki unga mweupe, mzito mara kumi kuliko maji.

Lakini thoriamu iliyo karibu zaidi na Malangali haiko dukani wala kiwandani. Iko chini ya miguu yetu, imetapakaa kidogokidogo ndani ya miamba ya kale ya Ufipa na Bonde la Rukwa. Kila atomu yake inapooza hadi kuwa risasi, hutoa njiani chembe nzito sita, na kila moja huwa atomu ya heliamu. Mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham, pamoja na kampuni ya Helium One, walitangaza kwamba bonde letu lina heliamu nyingi. Maelezo yao ni kwamba joto la volkano liliifungua gesi hiyo kutoka kwenye miamba ambako urani na thoriamu vilikuwa vimeitengeneza kwa mamilioni ya miaka. Februari 2024 heliamu ilifika juu ya ardhi katika kisima cha Itumbula. Gesi inayopoza sumaku za mashine za MRI hospitalini ni mtoto wa madini yaleyale yaliyomulika harusi zetu.

Tukirudi kwenye hatari ya unga wa thoriamu, mafundi wetu wanaochomelea mageti kwa fimbo za kawaida hawana cha kuhofia hapa. Lakini fundi anayechomelea alumini au chuma kisichoshika kutu kwa gesi ya agoni aitazame sindano yake ya tungsteni: ikiwa mwisho wake umepakwa rangi nyekundu, ina thoriamu. Akiinoa, vumbi lake lisivutwe puani. Avae barakoa, afute meza kwa kitambaa kilicholowa badala ya kufagia, na anawe mikono kabla ya kushika chakula. Akienda kununua nyingine, aulize ya kijivu au ya bluu, ambazo zina seriamu au lanthanamu na kazi yake ni ileile. Na wewe uliye na karabai ya zamani, utambi ukivunjika usiupulize wala usimwachie mtoto auchezee. Ukusanye taratibu kwa karatasi iliyolowa, uufunge kwenye mfuko, kisha ubadilishe utambi ukiwa nje, penye upepo.