Kaya ya Shamba na Maji Yaliyoganda: Majira ya Baridi katika Vermont na Maine

Vermont na Maine ni majimbo mawili ya kaskazini-mashariki mwa Marekani, katika eneo liitwalo New England, ambako majira ya baridi, yaani kipindi ambacho theluji hulala ardhini na maji ya vijito na mabwawa huganda, huanza kwa kawaida kabla ya Krismasi na kuendelea hadi Machi, na katika vijiji vya milimani hadi Aprili. Msomaji wa Njombe au Makete anayekijua kipupwe, ambaye amewahi kuamka asubuhi ya Julai akakuta sakitu imeunguza majani ya viazi, anao mwanzo wa kuielewa hali hiyo, lakini mwanzo tu. Kwani sakitu huyeyuka jua linapopanda, ilhali huko ndoo ya maji iliyosahauliwa nje Desemba huweza kubaki bonge la barafu kwa wiki nyingi. Kipimo cha chini kabisa kilichorekodiwa katika kila jimbo, Vermont Desemba 1933 na Maine Januari 2009, ni takriban nyuzi 46 za Selsiasi chini ya sifuri. Siku za namna hiyo ni chache mno. Hata hivyo, wanaoishi mashambani na kufuga kuku, paka na mbwa hawaihesabu baridi kwa nyuzi peke yake. Huihesabu kwa maji: yamegandia wapi, yatamfikiaje mnyama kabla hayajaganda, na unyevu wake utatolewaje ndani ya banda.

Kaya inayozungumziwa hapa si ya mkulima mkubwa. Mara nyingi mume au mke, au wote wawili, wana ajira mjini au hufanya kazi kwa intaneti, na kuku wao, ambao aghalabu hawafiki hata ishirini, ni wa mayai ya nyumbani na machache ya kuuza. Jamii hii hutenganisha mifugo na wanyama wa nyumbani, kwa maana ya wale wanaofugwa ili wawe wenzi wa binadamu tu, bila kuliwa wala kufanyishwa kazi; lakini kuku wa kaya ndogo huuvuka mpaka huo bila taabu, kwa sababu hupewa majina, wengine huachwa wazeeke baada ya kuacha kutaga, na wanapokufa huzikwa. Mtu aliyekulia mahali ambapo kuku ndiye kitoweo cha kumpokelea mgeni anaweza kuliona jambo hilo kuwa kichekesho, na pengine ni kichekesho kweli, ila katika majira ya baridi hata maziko yenyewe hayawezekani, kwa kuwa maji yaliyomo udongoni yameganda na ardhi imekuwa kama saruji. Si kuku tu. Katika makaburi mengi ya vijijini mwili wa binadamu aliyefariki Januari huhifadhiwa katika chumba maalumu hadi ardhi ilainike, kisha ndugu hukusanyika tena kwa maziko. Mabomba ya maji nayo hulazimika kuzikwa zaidi ya mita moja kwenda chini ili yawe chini ya tabaka linaloganda.

Umbo la nyumba za zamani hutoa picha nzuri ya uhusiano wa watu na wanyama wao. Katika Maine hasa, na katika jimbo jirani la New Hampshire, bado zipo nyumba za karne ya 19 zilizounganishwa kwa msururu: nyumba ya kuishi, kisha jiko dogo, kisha banda la kuni na vyombo, na mwishoni ghala kubwa la mifugo na nyasi kavu, vyote vikiwa vimegusana, hata mtu akaweza kutoka kitandani hadi kwa ng'ombe bila kukanyaga theluji. Wengi hudhani kuwa theluji ndiyo iliyozaa mtindo huo. Thomas Hubka, mtafiti wa majengo aliyeandika kitabu kuhusu nyumba hizo mwaka 1984, alionyesha kuwa sababu kubwa zaidi ilikuwa ya kiuchumi, yaani hamu ya wakulima wa eneo lenye mawe mengi na rutuba haba kupanga upya kazi za shamba na kazi za mikono za nyumbani ili wasishindwe na mashamba mapya ya magharibi. Hoja yake ina nguvu, maana mikoa mingine yenye baridi kali zaidi haikuujenga mtindo huo, na hatari yake ilijulikana na kila mtu: moto ukishika ghala, nyumba nayo huondoka.

Moto wenyewe huanza kuandaliwa mapema mno. Kuni hupimwa kwa kodi, kipimo cha rundo lenye ukubwa wa takriban mita za ujazo 3.6, na nyumba inayotegemea jiko la chuma la kuni huteketeza kodi kadhaa kwa msimu mmoja. Mti uliokatwa karibuni huwa na maji yanayokaribia nusu ya uzito wake, kwa hiyo kuni za majira haya hupasuliwa na kupangwa tangu mwaka uliotangulia, zipigwe na upepo na jua. Anayechoma kuni mbichi hupoteza joto lake katika kuchemsha maji hayo, tena moshi wake mzito huacha ndani ya dohani utando mfano wa lami ambao siku moja huweza kushika moto. Rundo la kuni lililopangwa vizuri kando ya nyumba husomwa na wapita njia kama barua ya utambulisho, na mwenye kuni zilizoanguka ovyo hujua kwamba anasemwa.

Katika banda la kuku ndimo ilimo elimu ambayo mfugaji mpya huipata kwa hasara. Kuku ana joto la mwili la takriban nyuzi 41, na manyoya yake, anapoyatutumua, hushika hewa inayomfunika kama blanketi. Akiwa mkavu na ameshiba, huivumilia baridi ambayo binadamu asingeistahimili kwa saa moja. Kinachomdhuru ni unyevu. Kuku kumi na watano waliofungiwa usiku kucha hupumua na kunya maji mengi, na mvuke huo, usipopata pa kutokea, hupanda hadi darini, hupoa, hudondoka, kisha huganda juu ya kilemba, ile nyama nyekundu ya utosini, na juu ya ndevu zake za nyama, hata ncha zikafa na kuwa nyeusi. Mfugaji mgeni huziba kila upenyo kwa huruma, na kwa huruma hiyohiyo akawaumiza kuku wake. Mzoefu huacha matundu ya hewa juu, karibu na paa, mahali ambapo upepo hautawapiga kuku waliolala juu ya fito, na fito hizo huzifanya pana na bapa ili kuku akikaa afunike vidole vyake kwa manyoya ya tumbo. Wapo wanaopaka vilemba mafuta ya mgando, na wapo wanaosema kwamba mafuta hayo hayazuii chochote. Uteuzi wa mbegu una faida iliyo wazi zaidi. Huko Oka, Quebec, ng'ambo ya mpaka wa Kanada, mtawa Wilfrid Châtelain alizalisha mwanzoni mwa karne ya 20 kuku aitwaye Chantecler, ambaye kilemba chake ni kidogo kiasi kwamba baridi haipati pa kushika.

Sakafuni humwagwa maranda ya mbao, na badala ya kuyazoa kila wiki, wengi huyaacha yarundikane msimu mzima, wakiongeza mapya juu na kuyapindua kwa uma, ili vijidudu viozeshe kinyesi taratibu na kutoa joto kidogo. Pua ndiyo mwamuzi: harufu kali ya amonia ikimchoma anayeinama, maranda yameloa na hewa haitoshi. Taa za joto hutazamwa kwa mashaka, na kwa haki, kwa sababu banda la mbao lenye vumbi na maranda makavu halihitaji zaidi ya taa moja iliyodondoka ili liteketee.

Kazi ya asubuhi na jioni, ambayo wenyeji huiita kwa neno moja linalojumlisha kulisha, kunywesha, kuokota mayai na kukagua, haina likizo. Mfugaji hutoka gizani na ndoo ya maji ya vuguvugu, hufuata ujia uliochimbwa kwa sepeto, na anapofika hulikuta beseni la mpira likiwa limejaa barafu tangu jana. Beseni la plastiki lingepasuka. La mpira hupinduliwa, hukanyagwa mara mbili kwa kisigino cha buti, na sahani nene ya barafu huchomoka nzima, ikiwa na unyoya mmoja au punje ya mahindi iliyogandia katikati yake. Sahani hiyo hutupwa kando ya mlango juu ya zile za siku zilizopita, na kufikia Februari rundo hilo huwa limefika magotini. Jioni kuku hutupiwa mahindi yaliyoparazwa, ambayo huchelewa kusagika tumboni, na mayai huokotwa mara kadhaa kwa siku, maana yai likiganda hutanuka na ganda hupasuka.

Lakini mayai yenyewe huwa adimu, na sababu yake si baridi. Kuku hupokea mwanga si kwa macho tu bali hata kupitia fuvu jembamba la kichwa chake, na huhitaji takriban saa 14 hadi 16 za mwanga kwa siku ili atage mfululizo. Kaskazini mwa Vermont, katika siku fupi za Desemba, jua huchomoza karibu saa moja na nusu asubuhi na kuzama saa kumi na robo jioni. Aidha, vuli ndipo kuku hunyonyoka manyoya na kuotesha mapya, kazi inayokula protini ambayo ingeingia katika mayai. Hapa wafugaji hugawanyika. Baadhi huwasha taa ndogo alfajiri ili kuurefusha mchana, na wengine hushikilia kwamba mwili wa kuku unastahili mapumziko yake. Ubishi huo hauishi, labda kwa kuwa kila upande una kuku wenye afya wa kuonyesha. Barabarani, lile sanduku la kuuzia mayai lisilo na mwangalizi, ambamo mnunuzi huacha fedha katika kopo na kuchukua mayai yake, husimama tupu wiki nyingi, na hakuna anayelalamika.

Paka na mbwa wana daraja zao. Paka wa ghalani hulipwa kwa chakula na pembe yenye nyasi kavu ili apambane na panya, ambao baridi huwasukuma kuingia ndani. Paka wa nyumbani hulala kando ya jiko na huenda asikanyage nje hadi Aprili. Paka wa aina ya Maine Coon, aliyetangazwa kuwa paka rasmi wa jimbo la Maine mwaka 1985, ana manyoya marefu hata katikati ya vidole, yanayomsaidia juu ya theluji. Mbwa, ambaye katika vijiji vingi vya Afrika Mashariki hulala nje akilinda boma, huko huingia ndani usiku, na atokapo hurejea na vidonge vya barafu vilivyonasa kwenye nyayo, ambavyo mfugaji huvitoa kimoja kimoja kwa vidole, huku mbwa akijaribu kuvitafuna. Katika magari ndimo zilimo hatari mbili kwa wanyama hao. Paka hupanda ndani ya injini kufuata joto, ndiyo maana dereva mzoefu hugonga boneti kabla ya kuwasha. Na kile kimiminika kinachotiwa katika rejeta ili maji yasigande kina ladha tamu, na kikimwagika kidogo tu sakafuni huua figo za mnyama anayekilamba.

Ujirani katika majira haya hupimwa kwa vitendo vidogo. Mwenye gari la kusukuma theluji humfungulia njia mjane wa jirani kabla ya kujifungulia mwenyewe, na familia isiyoweza kusafiri bila mtu wa kuwanywesha kuku hubadilishana zamu na nyingine. Watu wa Lewiston, Maine, wameishi tangu miaka ya 2000 na Wabantu wa Somalia, ambao baadhi yao bado husema Kizigula, lugha ambayo wahenga wao waliotekwa katika karne ya 19 waliondoka nayo katika nchi iliyo nyuma ya pwani ya Tanga. Miongoni mwao wapo wanaolima mahindi na kufuga mbuzi, na hao nao wamelazimika kujifunza mambo ya ndoo iliyoganda, jambo ambalo Kizigula hakikuwa na sababu ya kulitungia neno.

Kwa desturi ya wazee, ifikapo Februari 2 nusu ya kuni na nusu ya nyasi kavu zapaswa kuwa bado zipo, kwani nusu ya majira ingali mbele. Mwezi Machi, usiku unapoganda na mchana unapoyeyuka, maji ya mti wa mepoli, ambao jani lake limechorwa katika bendera ya Kanada, huanza kutiririka; hugemwa na kuchemshwa mpaka lita 40 hivi zibakie lita moja ya shira. Kisha barabara za udongo hugeuka tope, na kuku, ambao wameshaanza kutaga tangu siku ziliporefuka, hutoka bandani na kuparua ardhi ilipoachwa wazi.

Vifaranga wapya huwa wameagizwa Januari, wakati theluji ilipokuwa imefika madirishani. Posta ya Marekani imekuwa ikiwasafirisha vifaranga wa siku moja tangu 1918, jambo linalowezekana kwa sababu kifaranga huanguliwa akiwa na akiba ya kiini tumboni inayoweza kumtosha siku mbili hadi tatu bila chakula wala maji. Alfajiri ya Aprili karani wa posta hupiga simu, na nyuma ya sauti yake husikika milio ya boksi zima. Nyumbani, kabla ya kuonyeshwa chakula, kila kifaranga hushikwa kiganjani na mdomo wake huchovywa mara moja katika maji ya vuguvugu, anyanyue kichwa na kumeza.