Usafi wa Sanduku la Chatu

Katika nchi ya Unyamwezi, ambako misafara ya karne ya 19 ilipita Tabora kuelekea Ujiji, Wayeye wamesifika kwa tiba ya sumu ya nyoka na kwa ngoma ya nyoka. Chatu wa ngoma hufugwa sandukuni, na sanduku hilo ndilo hoja yetu.

Chatu hana sumu. Hata hivyo, akiwa mzima kabisa, utumbo wake waweza kubeba bakteria wa salmonela, wanaotoka pamoja na kinyesi. Mtoto wa chini ya miaka 5 huweza kuharisha vibaya. Mwenye ugonjwa wa selimundu huweza kuambukizwa hadi kwenye mfupa.

Sanduku liwe na upande wa joto, upande wa ubaridi na chombo cha maji. Lisafishwe nje, mbali na jiko na kisima. Kinyesi kiondolewe kwanza, kisha lisuguliwe kwa maji na sabuni, ndipo itiwe klorini, kwa maana uchafu huipunguzia klorini nguvu. Lisuuzwe na kukaushwa. Mikono nayo ioshwe kwa sabuni.

Nawe mhudumu wa afya, unapompokea mtoto mwenye homa na kuhara, au mwenye selimundu anayelalamikia mfupa, uliza: nyumbani mnafuga nini? Uliza pasipo kulaumu, kwani aogopaye lawama hulificha sanduku.