Mtoto Mwenye Ulemavu Asiachwe Nje ya Uwanja

Kengele ya kipindi cha michezo inapolia, watoto hukimbilia uwanjani. Lakini katika shule zetu nyingi yuko mmoja au wawili ambao huambiwa wakae chini ya mti walinde viatu na mashati ya wenzao. Huyu mguu wake umepooza, yule haoni. Hakuna aliyekusudia kuwaonea, tumezoea tu. Na mazoea, kama wahenga walivyotuusia, yana taabu.

Jambo hili si dogo. Mtoto asiyefanya mazoezi viungo vyake hukakamaa na misuli yake hulegea. Ulemavu aliozaliwa nao huongezewa udhaifu tuliompa sisi. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaosema kuwa mtoto mwenye ulemavu, wa miaka 5 hadi 17, naye anahitaji wastani wa dakika 60 za mazoezi kila siku. Taifa letu liliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, ambao Ibara yake ya 30 inampa mtoto huyo haki ya kushiriki michezo sawa na wenzake, pamoja na ile ya shuleni. Mwaka uliofuata Bunge letu likatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Kwa hiyo hatuzungumzii hisani, tunazungumzia wajibu.

Katika nchi tajiri, baadhi ya walimu wamegeukia michezo ya video inayomtaka mchezaji atumie mwili wake. Mwaka 2006 kampuni ya Nintendo ya Japani ilitoa mtambo uitwao Wii. Mchezaji hushika kifaa kinachohisi mwendo wa mkono wake, na picha kwenye televisheni humfuata. Mtoto aliyeketi katika kiti cha magurudumu aweza kucheza tenisi na kutokwa na jasho bila kuinuka. Mwaka 2010 kampuni ya Microsoft ya Marekani ikaleta Kinect, yenye kamera inayosoma mwili mzima.

Hatuidharau mitambo hiyo. Shule yenye umeme na uwezo iitumie. Lakini tuzingatie kwamba utengenezaji wa Kinect ulisimamishwa mwaka 2017. Anayetegemea chombo cha mwingine hucheza kwa muda anaoruhusiwa na mwenye chombo.

Tuulize basi: siri ya mitambo hiyo ni nini? Ni kwamba mchezo umebadilishwa ili umfae mtoto, badala ya mtoto kulazimishwa aufae mchezo. Maarifa hayo hayahitaji umeme. Mwaka 1946, baada ya vita kuu, Mwaustria mmoja na Mjerumani mmoja walibuni mchezo wa askari waliopofuka vitani: wachezaji watatu kila upande, macho yamefungwa, mpira una kengele ndani, na masikio ndiyo macho. Mwaka 1976 mchezo huo uliingizwa katika mashindano ya Paralimpiki huko Toronto.

Hapa mkoani kwetu, Shule ya Msingi Mwisenge mjini Musoma, aliyoanza kusoma Mwalimu Nyerere mwaka 1934, imewapokea wanafunzi wasioona. Lakini je, mtoto wa Bugwema, Masinono, Muhoji au Kinyang'erere asubiri kwenda mjini ndipo acheze? La, hasha. Njuga zikishonwa ndani ya mpira wa matambara, asiyeona ataufuata kwa sauti. Kamba ikifungwa chini baina ya miti miwili, wote wakaketi, asiyeweza kusimama atacheza mpira wa wavu na wanaosimama. Mwamuzi akipunga kitambaa pamoja na kupiga filimbi, kiziwi hatapitwa.

Tunawaomba walimu wakuu wapange kipindi cha michezo wakiwa na orodha kamili ya wanafunzi mkononi. Kamati za shule na serikali za vijiji zisawazishe viwanja ili kiti cha magurudumu kipite. Wazazi nao wasiwafiche watoto wao ndani. Uongozi unaomwacha mtoto mmoja chini ya mti haujatimiza kazi yake, hata kama timu ya shule imerudi na kombe.